Somo la kuuguza kutoka Elgon View

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, nasi walimu tumezoea kuifasiri kwa wepesi: kila mtu, hata awe stadi namna gani, humhitaji mwenzake. Lakini mnamo mwaka 2000, katika wodi moja mjini Eldoret, methali hiyo iliacha kuwa pambo la insha ikawa jambo la kufa na kupona. Kitandani alikuwa amelala kijana aliyekonda, hajiwezi kwa lolote. Hakuwa mgeni mahali pale. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, aliyezoea kupita baina ya vitanda vivyo hivyo akijifunza kuwatibu wengine. Sasa alikuwa akifa kwa ukimwi katika hospitali iliyokuwa ikimfundisha, na hospitali hiyo haikuwa na dawa ya kumpa.

Daktari aliyesimama kando ya kitanda hicho alikuwa Profesa Joseph Mamlin, Mmarekani kutoka Chuo Kikuu cha Indiana. Angeweza kutenda kama walivyotenda madaktari wengi wa zama hizo, Waafrika kwa Wazungu: kumpima mgonjwa, kutikisa kichwa, kuandika maneno mawili matatu katika faili na kusogea kwenye kitanda cha pili. Hakufanya hivyo. Yeye na wenzake walizitafuta dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo bei yake wakati huo ilikuwa haishikiki, wakampa kijana yule. Polepole akarudiwa na nguvu. Akaketi, akasimama, akatembea, na baadaye akawa miongoni mwa waliofanya kazi ya kuwasaidia wagonjwa wenziwe. Jina lake limekwisha kuandikwa na wengine. Mimi nitamwachia staha yake. Ninalotaka kulisimulia ni kile kilichochipuka kutoka kitandani pale, na kwa nini sisi walimu na wanafunzi twapaswa kukitafakari upya hivi leo.

Nami nina sababu ya kulikumbuka jambo hili. Mwaka ule ule wa 2000 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Moi, katika bewa kuu la Kesses. Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyefia katika hospitali ambayo sitaitaja. Kitanda chake kilikuwa mwisho kabisa wa wodi, karibu na mlango wa nyuma, na chakula chake kiliachwa juu ya kabati dogo ambalo mkono wake haukuweza kulifikia. Hakuna aliyetuambia alikuwa akiugua nini. Nyumbani tulisema ni kifua. Wengine walinong'ona kwamba ana mdudu, au ana ugonjwa ule. Nilipoanza kusoma isimu nilitambua kuwa nilikuwa nimelelewa katikati ya msamiati mzima uliobuniwa ili jambo moja lisitajwe. Mnamo Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kuwa ukimwi ni janga la kitaifa, na takwimu zilizotajwa sana wakati ule zilisema kwamba Wakenya wapatao 700 walikuwa wakifa kila siku. Neno lilikuwa limetamkwa na mkuu wa nchi, lakini vijijini kwetu bado tulikuwa tunasema kifua.

Mamlin alikuwa nani? Alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani ya mwili na, kwa muda mrefu kuliko yote, mwalimu. Katika miaka ya 1960 yeye na mkewe, Sarah Ellen, walikwenda Afghanistan wakiwa watumishi wa kujitolea wa Peace Corps, naye akafundisha katika chuo cha udaktari kilichokuwa kichanga katika mji wa Jalalabad. Aliporejea kwao alifanya kazi kwa miaka mingi mjini Indianapolis katika hospitali ya umma ya Wishard, iliyokuwa kimbilio la maskini wa mji huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na madaktari wenzake watatu wa Indiana, akiwemo Robert Einterz, walikuwa wakitafuta chuo katika nchi zinazoendelea ambacho wangeshirikiana nacho kwa kudumu. Walikipata Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilikuwa kikijiandaa kufungua kitivo cha tiba chini ya mkuu wake wa kwanza, Profesa Haroun arap Mengech, daktari wa magonjwa ya akili. Kitivo hicho kilikusudia kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka vijijini wakajifunze udaktari mahali watu wanapougulia. Ushirikiano ukaanza. Mwaka 1998 hospitali ya wilaya ya Eldoret, ambayo ilikuwa imeanza kama hospitali ndogo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapandishwa hadhi na kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.

Mwaka 2000, katika umri ambao wengi huanza kuhesabu siku za kustaafu, Mamlin alihamia Eldoret, akakaa kwa takribani miongo miwili. Makao yake yalikuwa katika nyumba za Chuo Kikuu cha Indiana zilizoko mtaa wa Elgon View. Msomaji asiyeujua mtaa huo na afahamu kwamba jina lake lina maana ya mahali pa kuutazamia Mlima Elgon. Ni mtaa wa nyumba kubwa, nyua za michongoma na miti mirefu. Kwa watu wengi wa Eldoret kuutaja Elgon View ni kuutaja ukwasi. Mtu anaweza kuishi huko aushi yake nzima akiutazama mlima kwa mbali bila ya kuyaona yaliyomo wodini, ambako hakuko mbali hata kidogo. Mimi mwenyewe nilipata kupanga chumba cha uani huko nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, na asubuhi nilikuwa nikiwaona wanafunzi wa udaktari, wenyeji na wageni, wakishika njia ya hospitali kwa miguu. Ndipo nilipoelewa kuwa mandhari ya mahali hutegemea upande ambao mtu ameamua kugeuzia uso wake.

Hapa naomba nitoke kidogo hospitalini niingie darasani mwangu. Huwa nawauliza wanafunzi wa mofolojia swali lifuatalo. Kitenzi "pona" kikitiwa kiambishi cha usababishi huwa "ponya", yaani kumfanya mtu apone. "Lala" huwa "laza", yaani kumfanya mtu alale. Basi "ugua" inapokuwa "uguza", mbona maana yake si kumfanya mtu augue? Darasa hucheka, kisha hunyamaza. Kuuguza, kama kila Mswahili ajuavyo, ni kukaa na anayeugua: kumlisha, kumgeuza kitandani, kumwosha, kukesha naye. Kwa hiyo lugha yetu ina vitenzi vitatu ambavyo tusivichanganye. Kutibu ni kazi ya ajuaye. Kuponya, wazee wetu walisema, ni kwa majaliwa ya Mungu. Lakini kuuguza ni kazi ya yeyote aliye tayari kukaa. Mjomba wangu alitibiwa, pengine kwa kadiri ya uwezo wa hospitali ile. Hakuuguzwa.

Fikra iliyomwongoza Mamlin na wenzake wa Moi inaweza kuelezwa kwa vitenzi hivyo. Walikubaliana kwamba katika ushirika wa vyuo viwili huduma kwa mgonjwa itangulie, na mafunzo na utafiti vifuate nyuma yake. Hilo linaonekana jambo jepesi, lakini sisi tulio vyuoni tunajua kuwa aghalabu mambo huenda kinyume. Mtafiti huja na dodoso lake, hukusanya data, huchapisha makala, hupandishwa cheo. Aliyehojiwa hubaki pale pale alipokuwa. Nasema haya nikijinyoshea kidole mimi mwenyewe.

Mwaka 2001 vyuo hivyo viwili pamoja na hospitali vikaanzisha mpango wa kitaaluma wa kuzuia na kutibu ukimwi, uliojulikana kwa kifupi kama AMPATH. Ulianza katika sehemu mbili: Eldoret mjini na Mosoriot, katika nchi ya Nandi, mahali ambapo walimu wengi wanapafahamu kwa sababu ya chuo chake cha ualimu. Viongozi wake walikuwa Mkenya na Mmarekani wakifanya kazi bega kwa bega: Profesa Sylvester Kimaiyo kwa upande wa Moi, na Mamlin kwa upande wa Indiana.

Inafaa tukumbuke upepo uliokuwa ukivuma wakati huo. Hadi mwaka 2000 matibabu ya mgonjwa mmoja wa ukimwi yaligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Mnamo Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeweza kuyatoa kwa dola 350, na mwaka huo huo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu nchini. Hata hivyo wakubwa wengi wa dunia walishikilia kuwa kuwatibu Waafrika ni kupoteza fedha. Afadhali fedha hizo zitumike kwa kinga peke yake. Mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, Andrew Natsios, alisema mnamo Juni 2001 kwamba dawa hizo zinahitaji kumezwa kwa saa maalumu, ilhali Waafrika wengi hawajui saa za Kizungu. Niliposoma habari hizo nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili, na niliduwaa. Sisi ambao hesabu yetu ya saa huanzia jua linapochomoza, ambao hatuhitaji mashine kujua kwamba saa moja ya asubuhi imefika, ndio tulioambiwa kuwa hatujui wakati!

Jibu la Eldoret halikuwa la maneno. Wagonjwa walipewa dawa, wakazimeza kwa saa zake, wakaamka. Kufikia mwaka 2010 zaidi ya watu 100,000 wenye virusi vya ukimwi walikuwa wamekwisha kuandikishwa katika mpango huo magharibi mwa Kenya. Na katika mzunguko ambao ungemfurahisha mtambaji wa ngano, shirika lile lile la USAID ndilo lililokuja kuwa miongoni mwa wafadhili wake wakubwa.

Lakini dawa si kila kitu. Mamlin aligundua jambo ambalo kila mama wa kijijini angeweza kumwambia: dawa kali juu ya tumbo tupu ni mateso. Baadhi ya wagonjwa walikuwa hawapati nguvu kwa sababu hawakuwa na chakula. Basi chakula kikaanza kuandikwa kama dawa inavyoandikwa, mgonjwa akatoka kliniki na fungu lake la mboga, mayai na unga. Mashamba yakafunguliwa ili kulisha watu hao, na moja kati ya yale ya mwanzo lilikuwa katika ardhi iliyotolewa na shule ya sekondari. Naomba walimu waitie akilini habari hiyo. Wakati wengine walikuwa wakijadiliana kama yafaa kuwatibu watu wetu, ipo shule iliyosema: ardhi hii hapa, limeni. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani nalo likashiriki.

Vilevile palikuwa na jambo la kumbukumbu. Kituo cha afya cha Mosoriot kilikuwa kikiandika habari za wagonjwa katika madaftari makubwa. Mgonjwa akirudi mwezi wa pili ilikuwa vigumu kujua alipewa nini mwezi wa kwanza. Mwaka 2001 ikawekwa hapo kompyuta ya kuhifadhi habari hizo. Kutokana na uzoefu huo, mwaka 2004 ikabuniwa programu iitwayo OpenMRS, na mmoja wa waasisi wake ni Burke Mamlin, mwana wa Profesa Mamlin. Programu hiyo hutolewa bure na hutumika katika nchi nyingi duniani, na mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vya afya hapa kwetu umejengwa juu yake. Nani angedhani kwamba daftari la Mosoriot lingekuwa babu wa haya yote?

Kisha wahudumu wakatoka kliniki wakaenda kupiga hodi. Kuanzia mwaka 2007 walizunguka nyumba kwa nyumba wakitoa ushauri na kupima watu majumbani mwao. Mimi naliona hili kuwa mapinduzi ya lugha kama lilivyokuwa mapinduzi ya tiba. Mtu aliyebisha hodi akakaribishwa na kuketishwa hawezi kuzungumza kwa minong'ono ya mlango wa nyuma. Yale maneno ya kuficha tuliyolelewa nayo yakaanza kupoteza kazi. Leo wapo vijana katika madarasa yangu ambao hawajapata kusikia kwamba fulani ana mdudu, nami hufurahi ninapolazimika kuwaeleza.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Eldoret na viunga vyake viliwaka moto. Mnamo Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa liliteketezwa watu wakiwa ndani. Maelfu walikimbilia kambini, na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa walioacha dawa zao katika nyumba zilizochomwa. Wageni wengi waliondoka mjini. Mamlin na mkewe walibaki. Wahudumu wa AMPATH, wa makabila yaliyokuwa yakiambiwa kwamba ni maadui, waliwatafuta wagonjwa kambini na kuwatangazia redioni mahali ambapo wangepata dawa. Katika siku ambazo jina la mtu lilitosha kumponza, walikuwepo watu waliouliza jina lake ili wampe tembe zake.

Najua atakuwapo msomaji atakayeguna: je, hii si hadithi nyingine ya mwokozi kutoka ng'ambo? Guno hilo nalielewa, kwani hata mimi nilikuwa nalo kwa miaka mingi. Madaktari wetu wenyewe waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai haki zao, na wengi wao wamekwenda kutafuta riziki ughaibuni. Si haki kumsifu mgeni aliyekuja na kumsahau mwenyeji aliyebaki. Waliowapima watu, waliowafuata wagonjwa vijijini kwa miguu, waliopika, waliolima na waliokesha, walikuwa Wakenya. Mengech, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa hospitali hiyo, na Kimaiyo walikuwa viongozi na si wasaidizi. Nami ningesema kwamba huo ndio ubora wa kazi ya Mamlin: hakuijenga akiwa peke yake, wala hakuijenga iwe yake. AMPATH ilibadili hata maana ya jina lake, kutoka mpango wa ukimwi ikawa mpango wa kuwafikishia watu huduma za afya kwa jumla: kisukari, shinikizo la damu, saratani, uzazi. Mamlin alipoondoka Eldoret, kliniki hazikufungwa.

Hata hivyo sehemu moja ya guno hilo ina ukweli mchungu. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID likawa limevunjwa. Kote nchini wahudumu wa afya walipoteza kazi, na wagonjwa wakaanza kuulizana kama tembe za mwezi ujao zingekuwapo. Katika robo karne tulikuwa tumejifunza kutibu na kuuguza, lakini tulikuwa tumewaachia wengine kulipia. Mganga hajigangi, naam. Lakini taifa lisiloweza kununua dawa za watu wake lisijifariji kwa methali hiyo. Bajeti ya afya ni kauli kama kauli nyingine yoyote, nayo hueleza bila kuficha ni nani tuliyeamua kukaa naye na ni nani tuliyemsogeza mwisho wa wodi.

Kwenu wanafunzi, na hasa ninyi mlioitwa katika vitivo vya tiba, neno langu ni fupi. Mtafunzwa kutibu, nanyi mtafunzwa vizuri. Kuuguza hakuna mtihani wake, lakini ndiko kutakakoamua kama elimu yenu ina faida. Kumbukeni kwamba mpango huu wote haukuanzia katika warsha wala katika hati ya mradi. Ulianzia pale ambapo mwalimu alimwona mwanafunzi wake kitandani akakataa kupita. Nanyi walimu wenzangu, huenda katika darasa lenu yupo mtoto anayemeza tembe kila siku kwa saa yake, na mara nyingi anameza kwa siri. Mweleweni, mlindieni siri yake, na mhakikishe kwamba amekula.

Yaliyopita si ndwele, walisema wazee wetu, tugange yajayo. Mjomba wangu sitamrudisha. Lakini ndwele na kuganga ni maneno ya wodini kabla hayajawa maneno ya methali, na huko wodini ndiko yanakotungoja.